Bei ya Kwanza

Kilindoni, Mafia
18 Agosti 1999

Mpwa wangu Nabeel,

Assalaam alaykum. Pasipoti imenifikia jana kwa mkono wa rubani, na viza ya Kanada imo ndani, imebandikwa vizuri. Shikamoo uliyoandika juu ya bahasha nimeipokea, marahaba. Nimeifungua hiyo pasipoti mbele ya wateja wote. Kombo mwenzangu wa dukani naye akafuta unga mikononi, akaishika, akasema kwenye picha nimetoka kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Sasa kazi ni yako. Mimi ni mwenye duka la mchele na misumari, wewe ndiye unayekaa kwenye ofisi ya tiketi hapo Dar es Salaam. Nitafutie ndege ya kwenda na kurudi Edmonton, kwa mjomba wako Sajjad. Tangu ndugu yangu aondoke mwaka sabini na mbili sijamtia machoni. Mama yako alikufa akimtaja, na sisi tuliobaki ni wawili tu. Binti yake, Sidra, anaandika kwamba siku hizi vidonda vya tumbo vinamsumbua, hali pilipili. Sajjad bila pilipili! Nakwenda kumwona kabla hawajamzoesha uji.

Lakini nakwambia mapema, usije ukasema hukuambiwa: silipi bei ya kwanza. Marehemu babu yako alikuwa akitutuma Chole, mimi na Sajjad, kununua kuku. Sajjad alikuwa na haraka tangu tumboni. Siku moja akakubali bei ya kwanza, akarudi na jogoo mmoja asiye na mkia, na nyumba nzima ilimcheka mpaka Idi. Mpaka leo kila barua ninayompelekea namuuliza hali ya jogoo. Kwa hiyo nikifika mlangoni kwake, kabla ya salamu, ataniuliza nimelipa ngapi. Nataka niwe na jibu la kumtia wivu.

Na usinipigie simu. Simu ya posta ipo, siku nyingine inasikika, lakini biashara haifanywi kwenye simu. Silaha yangu mimi ni kunyamaza. Kwenye simu ukinyamaza mtu anadhani laini imekatika, anaanza kupiga kelele haloo haloo. Niandikie.

Mjomba wako,
Ahmedali


Dar es Salaam
25 Agosti 1999

Mjomba Ahmedali,

Shikamoo. Natumaini duka na afya vyote ni salama.

Nimetafuta kwenye mashirika yote tunayoyauzia tiketi hapa ofisini. Iliyo nzuri ni ya kupitia London, unaondoka usiku wa tarehe kumi na mbili Septemba na unafika Edmonton siku ya pili yake. Bei ni dola elfu moja na mia tisa. Najua ni kubwa. Huu ni msimu wa wanafunzi kurudi vyuoni, ndege zimejaa na hakuna anayebembeleza abiria.

Ukiniuliza mimi, ningeichukua. Una umri wa kusafiri kwa raha, na njia hii ina kituo kimoja tu cha kubadilisha ndege. Nimeomba wakushikie kiti kwa wiki mbili.

Mpwa wako,
Nabeel


Kwa: Nabeel
Edmonton, 29 Agosti 1999

Nabeel ndugu yangu,

Nakuandikia Kiswahili ili wanangu wakifungua kompyuta wasijue. Si vidonda vya tumbo. Ni saratani ya kongosho, na imeshafika kwenye ini.

Huku mgonjwa hafichwi. Daktari alimketisha Baba akamweleza kila kitu, akamwambia huenda akauona mwezi wa Machi. Baba akamshukuru, na kwenye gari akaniambia neno moja tu: Ahmedali asijue. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Akijua atalipa bei ya kwanza, na maisha yake yote hajawahi. Nataka aje kama mgeni, akae abishane na mimi. Asije kama mtu wa msibani." Amenifanya niape. Na mimi nakuapisha wewe.

Nilitaka nimnunulie tiketi mwenyewe niitume, tumalize. Baba amekataa. Anasema mzee yule akipewa tiketi ya bure atajua kuna kitu siku hiyo hiyo, na kweli atajua.

Basi mhimize tu. Mwambie ndege zinajaa, mwambie baridi inakuja, mwambie lolote. Nimechoka, na kila nikiingia chumbani kwake nalazimika kuchangamka.

Sidra


Kilindoni
6 Septemba 1999

Nabeel,

Assalaam alaykum. Elfu na mia tisa! Nilisoma nikadhani umeandika bei ya ndege yenyewe.

Sikiliza. Kuna mama mmoja wa Kizungu hapa, yuko na watu wa Hifadhi ya Bahari, kazi yake kuhesabu mayai ya kasa. Huja kwangu kununua betri za tochi. Nimemuuliza alilipa ngapi kutoka kwao mpaka hapa, akanitajia, na ilikuwa nusu ya hiyo yako. Anasema alinunua mapema, na akakubali kushuka na kupanda njiani. Mtu anahesabu mayai na bado amekushinda, wewe uliyesomea tiketi. Waambie hao wenye ndege mteja wako amecheka.

Usinihimize kwa umri. Mgongo wangu ni mzima, nabeba gunia mpaka leo, Kombo akiwa haangalii.

Huku hatujambo, ila Kombo amepata msiba. Mkewe Mwanamkuu amefiwa na mdogo wake, aliyezikwa kijijini Kanga wiki iliyopita. Binti yao Somoe alikuwa Mtwara, na ndiye aliyelelewa na marehemu. Kombo alitaka ampigie simu, ni mimi niliyemzuia. Mtu yuko safarini peke yake, unamtwisha habari kama hiyo aibebe na nani? Aliambiwa tu aje, kuna shughuli nyumbani. Alipofika akaambiwa katikati ya watu wake, akalia penye mabega ya kulilia. Hivyo ndivyo inavyofanywa, na wewe uliye mjini usije ukasahau.

Tafuta tena.

Ahmedali


Kwa: Sidra
Dar es Salaam, 12 Septemba 1999

Sidra,

Mjomba amekataa, kama ulivyojua atakataa. Ile ndege ya London inaondoka leo na kiti chake ameshapewa mtu mwingine.

Nimeamua hivi. Kuna kiti kingine tarehe pili Oktoba, bei ni ile ile. Nitamwambia ni elfu na mia sita, na hizo mia tatu nitazitoa mimi. Nilikuwa naziweka kwa ajili ya pikipiki. Usimwambie mtu, hasa Mjomba Sajjad, maana atacheka mpaka aumwe.

Akikubali, mwezi ujao wako pamoja.

Nabeel


Dar es Salaam
13 Septemba 1999

Mjomba,

Shikamoo. Habari njema. Bei imeshuka, sasa ni dola elfu moja na mia sita. Kuondoka ni tarehe pili Oktoba, njia ni ile ile ya London. Nimewabana sana, na sidhani watashuka tena. Nijibu kwa ndege ya kwanza ili nilipe.

Nabeel


Dar es Salaam
27 Septemba 1999

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Nimemuuliza rubani, ameapa kwamba barua alikupa mkononi, na wewe ukampa maji ya ndimu.

Kiti cha tarehe pili nitakipoteza keshokutwa. Tafadhali Mjomba, usininyamazie. Mimi si muuza kuku. Naomba tu uniandikie ndiyo, neno moja, hata kwenye kipande cha mfuko wa sukari.

Nabeel


Kwa: Nabeel
Edmonton, 4 Oktoba 1999

Nabeel,

Kwa hiyo hata hiyo imepita. Nilikuwa nimeshatandika kitanda chake.

Baba amepungua. Ngozi na macho vimekuwa njano, na suruali anafunga kwa kamba ya gauni langu kwa sababu mkanda hauna tundu la kutosha. Lakini nikuambie jambo ambalo linaniliza. Siku unayoniandikia habari za bei, anakula. Namsomea, anaomba nirudie pale kwenye mayai ya kasa, kisha anakula supu yote. Nilipomwambia kwamba Ba'mkubwa yuko kimya wiki ya tatu sasa, alipiga godoro kwa furaha. Akasema, "Anawapika hao."

Jana akaniambia nichukue kalamu niandike maneno yake, umpelekee. Nayaweka hapa kama alivyoyasema:

"Ahmedali. Nasikia umewafikisha elfu na mia sita. Usikubali. Una wakati, hata mimi ninao. Kaa kimya mpaka watetemeke. Jogoo anakusalimu, mkia umeanza kuota. Ndugu yako, Sajjad."

Hakuna wakati, Nabeel. Alipomaliza alilala saa nyingi, nikawa naingia kumwangalia kama anapumua. Sijui nikuambie uyapeleke haya maneno au uyaache. Wewe ndiye unayemjua Ba'mkubwa.

Sidra


Kwa: Sidra
Dar es Salaam, 5 Oktoba 1999

Sidra,

Sitayapeleka. Nisamehe. Mjomba akisikia kwa kinywa cha ndugu yake kwamba asikubali, hatakubali mpaka mwakani. Nitayatunza, nitampa akishakuwa na tiketi mkononi.

Nabeel


Kilindoni
14 Oktoba 1999

Nabeel,

Assalaam alaykum. Sasa naweza kusema.

Barua zako zote nimepata. Ile ya pili nilimsomea Kombo hapa kwenye mizani, tukatazamana. Ulishuka mia tatu kwa mkupuo mmoja! Bila mimi kutaja bei yangu, bila kugeuka kwenda zangu. Mwanangu, umekulia nyuma ya kaunta hii mpaka darasa la saba, hukuona? Muuzaji akianguka namna hiyo ujue chini bado kuna nafasi. Nikasema hapa dawa ni kukaa kimya. Nikakaa. Ile ya tatu ilipokuja na tafadhali ndani, Kombo akasema, "Wameiva."

Usione nakuchezea. Hela ninayo, ya kuuza nazi za shamba la Kanga, nimeiweka kwa ajili ya safari hii wala siitumii kwa kingine. Ila nikiitoa hovyo nitamwambia nini Sajjad? Miaka ishirini na saba hatujaonana, hatuna hata mteja mmoja wa kumteta pamoja. Watu waliozeeka kila mmoja kwake wanaanza na maneno gani? Mimi nimeona nitaanza na hili la tiketi. Nitamsimulia tangu mwanzo, ulivyosema wewe, nilivyosema mimi, nilivyonyamaza. Najua pale atakapocheka.

Kwa hiyo nitafutie ya chini kabisa. Nikipandishwa na kushushwa mara tano, sawa. Nikilala kwenye benchi, sawa. Hata basi nitapanda.

Ahmedali


Dar es Salaam
20 Oktoba 1999

Mjomba,

Shikamoo. Nakuwekea mbili, na hizi ni za kweli.

Ya kwanza ni ya tarehe thelathini mwezi huu, kupitia London. Sasa msimu umetulia, wanataka elfu na mia tano. Ukiniambia ndiyo, baada ya siku chache uko mlangoni kwa Mjomba Sajjad.

Ya pili ni dola elfu moja mia mbili na arobaini. Unaondoka tarehe ishirini na tatu Novemba, unalala Muskati, unakwenda London unakaa uwanjani kutwa, unashukia Kalgari, halafu unapanda basi mpaka Edmonton. Tiketi hii ikishakatwa haibadilishwi tarehe wala hairudishiwi fedha. Kurudi ni tarehe ishirini Januari, si kabla.

Nakuomba chukua ya tarehe thelathini. Sijawahi kukuomba kitu tangu mama afariki. Nakuomba hiki.

Nabeel


Kilindoni
25 Oktoba 1999

Nabeel,

Assalaam alaykum. Elfu moja mia mbili na arobaini! Nimeitangaza dukani, hata yule mama wa kasa amenipa mkono. Kata hiyo. Fedha anazo rubani kwenye bahasha ya kaki, zihesabu mbele yake.

Nimeona maombi yako. Yamenigusa, kwa sababu wewe si mtu wa kuomba. Lakini ukiangalia, ni wiki tatu tu za kusubiri. Nimesubiri miaka, wiki tatu zitaniuma nini? Na kule nitakaa mpaka Januari kwa hesabu ile ile. Tutafunga Ramadhani pamoja, mimi na yeye, mara ya mwisho tulifunga pamoja tukiwa vijana na alikuwa akila kashata kwa siri stoo.

Mwanamkuu ananipikia hizo kashata. Pweza mkavu wamenikataza, mama wa kasa anasema atanyang'anywa uwanjani na mimi niwekwe ndani. Kombo ametoa mkeka ambao mkewe alikuwa anausuka tangu masika. Anasema Sajjad alizoea kulala juu ya mkeka kwao Kanga walipokuwa wanakwenda kuogelea, na anataka picha moja tu, Sajjad amekaa juu yake. Nimemwahidi.

Mwambie Sidra amwambie baba yake kwamba nimeshinda. Bei asimtajie. Nitamtajia mwenyewe.

Ahmedali


Kwa: Nabeel
Edmonton, 10 Novemba 1999

Nabeel,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Baba ametutoka jana asubuhi, na leo tumemzika.

Ilikuwa haraka. Daktari alisema Machi, na sisi tukashikilia Machi kama ahadi. Jumapili alikuwa ananiuliza Ba'mkubwa amelipa ngapi, nikamwambia hataki itajwe mpaka afike. Akasema, "Basi ni ndogo kweli." Akatabasamu, akageukia ukutani. Hakusema tena kitu nilichokielewa.

Najua utaniuliza. Usimwambie. Amebakiza wiki mbili, yuko peke yake kule na duka, na tiketi yenyewe haibadiliki. Akiambiwa sasa atasafiri siku tatu na basi juu yake, na maiti kifuani, bila mtu wa kumshika. Afike kwanza. Tutamwambia hapa, sote tukiwepo. Yeye mwenyewe ndivyo alivyosema juu ya yule binti wa Mtwara, uliniandikia.

Nimekutwisha, najua.

Sidra


Kwa: Sidra
Dar es Salaam, 24 Novemba 1999

Sidra,

Ameondoka jana.

Alilala kwangu siku moja kabla. Tulikwenda Kariakoo kununua koti la mtumba, akabishana na yule kijana mpaka watu wakasimama kutazama, na nilikuwa nimekaa kwenye kreti la soda nimeinamisha uso. Akanisogelea akasema, "Unaumwa?" Nikasema jua. Akaninunulia dafu. Kwa dafu hakubishana.

Uwanjani alishika mkeka chini ya kwapa, hakutaka uingie kwenye mizigo. Aliniambia maneno atakayoanza nayo mlangoni, akayasema kwa sauti, kwa Kikachi cha wazee wetu halafu kwa Kiswahili, akaniuliza ipi inachekesha zaidi. Nikamwambia ya Kiswahili. Mdomo ulikuwa wazi, Sidra, nilikuwa na habari yote kwenye ulimi. Akanipa mkono, nikaubusu, akapita.

Yale maneno ya Mjomba Sajjad niliyoahidi kuyatunza sikumpa. Ningempaje, maneno ya mtu kama vile yuko hai? Yamo kwenye droo yangu. Nakuomba umwonyeshe wewe.

Nabeel


Edmonton
8 Desemba 1999

Nabeel,

Assalaam alaykum. Sidra amesema anaweza kunipigia simu au kukuandikia kwa kompyuta. Nimemwambia nitaandika kwa mkono, kama tulivyozoea. Kikachi naongea, kuandika sikufundishwa, na Kiingereza changu ni cha ankara tu. Basi soma pole pole.

Basi lilinishusha alasiri. Sidra alikuwa peke yake. Nikamuuliza, baba amebaki ndani kwa sababu ya baridi? Akachukua mzigo wangu. Alikuwa amevaa nyeusi tangu kichwani, nikayaona hayo na sikuuliza tena. Ndani ya gari nilinyamaza njia nzima. Mara hii sikuwa namsubiri mtu ashuke bei.

Waliniambia sebuleni, watu wote wakiwepo, Noorjehan mjane wake, majirani, watoto. Walifanya kama inavyotakiwa. Mabega yalikuwepo. Sikuyataka, Nabeel. Nilimtaka ndugu yangu.

Sina wa kumgombeza. Sajjad ndiye aliyewaapisha. Wewe nimekugombeza sana kichwani, na kila nikifika mahali pa kukushinda nakumbuka nilivyojisifu juu ya Somoe, kwamba alilia penye mabega. Sikuwahi kumuuliza yule mtoto kama angependa kujua mapema, angalau amuage yule aliyemlea kwa dua moja ya njiani. Nikirudi nitamuuliza.

Zile mia tatu ulitaka kuzitoa wewe. Hakuna aliyeniambia. Nimekaa hapa dirishani bila mteja wala mizani, nikazipitia barua zako nilizokuja nazo, moja moja, ndipo nilipoiona. Mwenye ndege hashuki namna ile. Anayeshuka namna ile ni mtu anayetaka mnunuzi apate, na mimi nikakaa na Kombo tukacheka. Hazikutoka mfukoni mwako, lakini deni nimeliona: mia tatu nakupa, usikatae.

Lakini lipo moja ambalo bado sijakusamehe, nakuambia wazi usije ukalisikia kwingine. Sidra amenionyesha maneno aliyoniandikia Sajjad mwezi wa kumi. Ulidhani yatanichelewesha. Umesahau yule ni nani? Yule ni mtu wa jogoo. Toka tumezaliwa hajawahi kumwambia mtu asubiri, hata chai alikuwa anainywa ya moto ikamuunguza. Ningeyasoma hapo dukani, usikubali, una wakati, kaa kimya, ningejua papo hapo kwamba ndugu yangu anakufa. Ningefunga duka na mteja ndani. Wewe ulimjua kwa picha, kwa hiyo huna kosa kubwa. Lakini yalikuwa yangu yale, na ulipaswa kunipa.

Ijumaa nilikwenda makaburini. Ardhi ya huku ni ngumu, wanaichimba kwa mashine. Nilisoma Fatiha, halafu sikujua la kufanya, nikamsimulia. Nilimwambia bei ya kwanza, nilivyocheka. Ya pili, nilivyonyamaza, mama wa kasa, maji ya ndimu ya rubani. Nikamtajia bei ya mwisho. Sidra alirudi kwenye gari. Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, na sikujua hadithi ile inaishiaje, kwa sababu mwisho wake ulikuwa ni yeye kucheka.

Tiketi haibadiliki, ulisema kweli. Nitakaa hapa mpaka Januari, nalala kitandani kwake, navaa soksi zake. Kesho ni Ramadhani. Arubaini yake itanikuta hapa. Mkeka tumeutandika sebuleni, wanakaa wasomaji wa hitima. Kashata wamekula watoto, wamesema ni tamu sana.

Kombo hajui bado. Kila siku anaulizia picha, nina hakika. Usimwambie mpaka nirudi, nitamweleza mwenyewe tukiwa tumekaa.

Hapana. Nimeyasoma hayo niliyoandika sasa hivi kwa mkono wangu mwenyewe, na bado naandika hivyo. Yaache. Mwambie. Usimtume rubani wala usipige simu, nenda mwenyewe ukakae naye, yule ni ndugu yetu wa tatu. Ukimaliza kusoma barua hii ondoka ofisini, tafuta ndege ya Mafia inayoruka mapema kuliko zote, na bei ya kwanza watakayokutajia, lipa.

Mjomba wako,
Ahmedali